Kidonda kimegoma kupona na sindano imegoma kufanya kazi: nililoliona kwenye sahani ya maabara

Mpima Vimelea (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, ninafanya kazi katika maabara ya vimelea ya hospitali moja ya rufaa hapa Tanzania, na kwa miaka 14 sasa sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikiwa nimeinamia sahani zilizooteshwa usaha wa watu nisiowafahamu. Uzi huu nimeuanzisha kwa sababu safari hii sahani mojawapo ilikuwa na jina ninalolifahamu vizuri, jina la shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ni dereva wa bodaboda.

Aligongwa na gari jioni, mfupa wa muundi ukavunjika na kutoboa ngozi. Katika kituo alichokimbizwa, jeraha lilifutwa kijuujuu na kushonwa likafungwa kabisa huku mchanga ukiwa bado ndani, mguu ukafungwa banzi, akapewa vidonge vya siku tano na kuambiwa aende hospitali kubwa. Hakwenda, kwa kuwa fedha hazikuwapo na sisi wa mbali hatukuambiwa ukubwa wa jambo lenyewe. Nyumbani, jirani mwenye nia njema alipasua kapsuli za rangi mbili, akamwaga unga wake juu ya mshono ili kidonda kikauke. Usaha ulipoanza kutoka, alinunuliwa dukani vidonge vinne vya antibiotiki iitwayo siprofloksasini, baadaye vinne vingine, kisha mtu akaja kumchoma sindano za seftriaksoni kwa siku tano. Wiki ya nne ndipo alipofikishwa kwetu.

Wauguzi walipoifungua bandeji nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaitambua harufu kabla sijaiona rangi. Ni harufu tamutamu, kama ya zabibu zilizoiva kupita kiasi, na gozi iliyogusa nyama ilikuwa imegeuka kijani inayoelekea buluu. Yeyote aliyefanya kazi wodi ya upasuaji anamfahamu bakteria huyo: anaitwa Pseudomonas aeruginosa, na rangi ile anaitengeneza mwenyewe.

Kidonda kilioshwa kwanza, kisha nikapewa swabu, kijiti chenye pamba, iliyozungushwa na kukandamizwa kwenye nyama hai iliyokuwa chini ya usaha. Siku ya pili bakteria walikuwa wameota. Siku ya tatu nikaisoma sahani ya dawa. Kwa wasioifahamu kazi hii, nieleze kidogo: bakteria hupakwa kwenye sahani yenye chakula chao kilichogandishwa, kisha juu yake hupangwa vipande vidogo vya karatasi ya duara, kila kimoja kikiwa kimelowekwa dawa yake. Sahani hulazwa kwenye joto linalokaribia la mwili usiku kucha. Dawa inayoweza kumzuia bakteria huacha duara safi kuzunguka karatasi yake, mahali ambapo hakuna kilichoota, nasi hulipima duara hilo kwa milimita. Karatasi ya siprofloksasini ilikuwa imezungukwa na bakteria hadi ukingoni, hapakuwa na hata uwazi wa unywele. Jentamaisini ilikuwa vivyo hivyo. Seftazidimu ilikuwa na duara jembamba lisilotosha kuitwa tiba. Iliyobaki na duara pana lenye kingo zilizo wazi ilikuwa meropenemu, dawa ambayo kwa familia kama yetu dozi yake ya siku moja huzidi mapato ya siku nyingi za bodaboda.

Kuhusu seftriaksoni sikuhitaji hata kuiweka kwenye sahani. Pseudomonas haisikii seftriaksoni kwa maumbile yake, wala haisikii amoksisilini, hata ile iliyochanganywa na asidi ya klavulani. Sindano zile za siku tano, zilizonunuliwa kwa fedha ya kuazima, zisingeweza kumgusa bakteria huyo hata siku moja. Kazi ziliyoifanya ilikuwa kuwaua bakteria wengine dhaifu waliokuwa wakigombania nafasi naye, hivyo zikamwachia uwanja.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Usaha unapoonekana, wengi wetu, na ninawajumuisha baadhi ya watoa huduma wenzangu, tunatafuta sindano iliyo kali kuliko ile ya jana. Lakini kidonda kina haja nyingine kabla ya hiyo: kioshwe kwa maji mengi, nyama iliyokufa ikatwe, usaha uliojificha ufunguliwe njia, kisha sampuli ipelekwe maabara ili dawa, ikihitajika, itolewe kwa kumjua kimelea. Dawa haifiki kwenye nyama iliyokufa, kwa sababu nyama hiyo haina damu inayoipita, na dawa husafiri kwa damu.

Sasa nieleze usugu wenyewe unavyotokea, kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakisema kuwa mwili wa fulani umezoea dawa. Anayekuwa sugu ni bakteria, mwili hauhusiki. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge maishani mwake anaweza kuambukizwa bakteria sugu kutoka kitanda cha jirani.

Bakteria ana njia kadhaa. Ya kwanza ni kuivunja dawa: hutoa kimeng'enya kinachokata kiini cha dawa za jamii ya penisilini kabla haijamfikia. Kimeng'enya cha namna hii kilielezwa mwaka 1940, penisilini ikiwa bado haijaanza kutumika kwa wagonjwa, jambo linaloonyesha kuwa silaha hiyo bakteria walikuwa nayo tangu zamani. Mwaka uliofuata askari polisi mmoja wa Oxford, aliyekuwa na maambukizi mabaya ya uso, alipewa penisilini, akaanza kupata nafuu, lakini dawa ikaisha. Waganga walifikia hatua ya kuikamua upya kutoka kwenye mkojo wake, hata hivyo haikutosha, naye akafariki. Nikikumbuka habari hiyo huona jinsi dawa hizi zilivyokuwa adimu kwa waliotutangulia, na jinsi sisi tunavyozimwaga juu ya ngozi kama poda.

Njia ya pili ni kubadilisha mahali ambapo dawa hushika. Staphylococcus aureus, ambaye ndiye mwenyeji mkuu wa majipu na vidonda vya mishono, alipozidi kuivunja penisilini, ilitengenezwa methisilini, dawa ya jamii hiyohiyo asiyoweza kuivunja, ikaingia kwenye matumizi mwaka 1959. Haikupita miaka miwili kabla ya Waingereza kupata Staphylococcus asiyeisikia. Yeye hakuhangaika kuivunja. Alipata jeni inayotengeneza protini nyingine ya kujengea ukuta wake, ambayo dawa haiwezi kuishika. Bakteria wa namna hiyo akiwamo kwenye kidonda, kloksasilini haifanyi kazi, na seftriaksoni nayo haifanyi kazi, kwa sababu zote hulenga mahali palepale.

Njia ya tatu Pseudomonas anaimudu sana: huipunguzia dawa milango ya kuingilia, na inayofanikiwa kuingia huisukuma nje kwa pampu zilizomo kwenye ukuta wake. Pampu moja inaweza kutoa dawa za jamii kadhaa tofauti, ndiyo sababu kumpa siprofloksasini nusu nusu kunaweza kumfanya awe sugu hata kwa dawa ambayo hajawahi kuonja.

Juu ya hayo yote kuna jambo linalonitisha kuliko mengine. Bakteria hubeba vipande vidogo vya chembe za urithi vyenye umbo la pete, vinavyoitwa plazimidi, na hupeana vipande hivyo hata kama si wa jamii moja. Escherichia coli iliyotoka tumboni inaweza kumpa Klebsiella aliyeko kidondani pete yenye jeni za usugu wa dawa nne au tano kwa mara moja. Hawahitaji kusubiri kizazi kingine.

Kisha kuna utando. Wanaohifadhi maji kwenye ndoo au mtungi wanaufahamu ule ute unaoteleza ukipitisha kidole ndani baada ya siku kadhaa. Bakteria hutengeneza ute wa namna hiyohiyo juu ya kidonda cha muda mrefu, juu ya mfupa uliokufa na juu ya vyuma vinavyowekwa kuunga mfupa. Walio ndani ya ute huo huhimili dawa kwa kiwango ambacho wakiwa peke yao wangekufa. Mtungi hausafishwi kwa kumwagia dawa juu, husuguliwa. Na kidonda chenye utando nacho hukwanguliwa.

Nisiwachoshe kwa takwimu, ila mbili tatu zina maana hapa. Uchunguzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Hapa nyumbani, uchunguzi uliofanyika Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011, ulikuta wagonjwa 65 kati ya 250 waliofanyiwa upasuaji wakipata maambukizi kwenye jeraha la upasuaji. Serikali ilizindua mpango kazi wa kwanza wa kitaifa wa kukabili usugu wa vimelea dhidi ya dawa mwaka 2017. Mpango wa namna hiyo upo, lakini shemeji yangu alipitia mikono minne bila hata mmoja kufikiria kuchukua swabu.

Ninakaribisha maswali na pia kukosolewa.

Duka la Njiapanda

Mkuu, nimesoma yote kwa makini na ninakushukuru. Mimi ni mtoa dawa katika duka la dawa muhimu, yale yaliyoanzia kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, nimepata mafunzo na nina cheti ukutani. Naomba niseme upande wetu, kwa sababu lawama ya vidonge vinne vinne hutuangukia sisi daima.

Mteja anaingia na shilingi elfu moja mkononi. Ana mtoto mwenye kidonda mguuni, zahanati iko mwendo wa saa mbili kwa miguu, na akifika huko anaweza kuambiwa dawa imekwisha, akanunue kwangu. Nikimwambia dozi kamili ni kiasi fulani, ananitazama kama mtu asiye na huruma. Nikikataa kumuuzia nusu, anavuka barabara na kununua kwa mwenzangu ambaye hana hata mafunzo. Nimewahi kukataa, na kesho yake nikamwona mtoto yule amepakwa unga wa kapsuli kidondani, zilizonunuliwa ng'ambo. Sasa niambie, mtu kama mimi afanye nini ambacho hakitamfungisha duka wala kumwumiza mtoto?

Mpima Vimelea

Ndugu yangu, swali lako ni zito, nami sitalijibu kana kwamba umaskini haupo. Nitakuambia ninachoamini kuwa kinawezekana.

Kidonda kidogo cha mtoto, ambacho hakina wekundu unaosambaa wala homa, mara nyingi hakihitaji antibiotiki kabisa. Elfu moja ile itamfaa zaidi ikinunua gozi na bandeji kuliko vidonge vinne. Mfundishe mama kuchemsha maji, kuyaacha yapoe, na kukiosha kidonda kwa kumimina maji mengi kila siku. Akitaka maji ya chumvi, kipimo kinacholingana na cha hospitali ni gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji, ingawa maji safi ya kunywa pia hufanya kazi hiyo vizuri. Kuna jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 2,400 wenye mifupa iliyovunjika na kutoboa ngozi: waliooshwa kwa sabuni walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi kuliko waliooshwa kwa maji ya chumvi, na nguvu ya maji, yawe ya kusukumwa kwa mashine au ya kumiminwa tu, haikuleta tofauti. Maana yake ni kwamba jambo ambalo hospitali kubwa za Ulaya na Marekani zinalifanya kwa jeraha, mama wa kijijini anaweza kulikaribia kwa sufuria na birika.

Dalili ambazo hupaswi kuuza chochote bali umwandikie kikaratasi aende zahanati siku hiyohiyo ni hizi: wekundu unaotambaa kutoka kingo za kidonda, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi inayogeuka nyeusi, na ngozi inayotoa mlio kama wa karatasi kavu ukiibonyeza. Hiyo ya mwisho ni ya kukimbia, wala si ya kusubiri kesho.

Kuhusu nusu dozi, niongeze jambo ambalo huenda litakushangaza. Zamani tulifundishwa kuwa kadiri dozi inavyokuwa ndefu ndivyo usugu unavyozuilika. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kuwa kwa maambukizi mengi, siku chache zilizopangwa vizuri hutibu sawasawa na siku nyingi, na siku za ziada huwapa bakteria wengine wa mwilini muda wa kujifunza usugu. Kwa hiyo, tatizo la vidonge vinne vya shemeji yangu lilikuwa zaidi ya uchache wake: ilikuwa dawa iliyochaguliwa bila kumjua bakteria, kwa kipimo kisichotosha kumwua, juu ya kidonda chenye mchanga. Alexander Fleming aliligusia jambo hili katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945, alipoonya kuwa kipimo kisichotosha huwafundisha vimelea kuhimili penisilini.

Mama wa Pacha

Habari za jioni, ndugu mwanzisha uzi. Nilijifungua kwa upasuaji, na siku ya sita mshono ukafunguka upande mmoja ukawa unatoa majimaji yenye usaha. Wodini tulikuwa tukichomwa sindano ya antibiotiki kila siku mpaka siku ya kutoka, tena wote tulichomwa, mwenye kidonda kizuri na mwenye kibaya. Niliporudi na mshono uliofunguka, nikaandikiwa sindano ileile niliyokuwa nikichomwa. Nimepona, namshukuru Mungu, lakini baada ya miezi miwili. Je, zile sindano za kila siku zilinisaidia kitu? Pia mama mkwe alinishauri nipake asali, na muuguzi mmoja akawa anamwaga dawa ile inayotoa povu. Ni ipi iliyo sahihi?

Mpima Vimelea

Pole sana dada, na hongera kwa kuwalea pacha huku ukiuguza kidonda. Hukuwa peke yako: Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa barani Afrika hadi wanawake 20 katika kila 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi kwenye jeraha.

Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2016 unasema dawa ya kinga itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, ndani ya dakika 120, ili damu iwe tayari na dawa wakati ngozi inapofunguliwa, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga. Sindano za siku kadhaa baada ya hapo, kwa mtu asiye na maambukizi, hazipunguzi hatari ya mshono kuoza. Zinachofanya ni kuwaondoa bakteria watiifu kwenye ngozi na tumbo, wakabaki wakaidi. Usaha wako ulipotokea ukiwa bado una sindano ileile mwilini, hiyo peke yake ilikuwa ishara kuwa bakteria aliyekuwamo ama haisikii dawa hiyo, ama kuna usaha uliojikusanya mahali ambapo dawa haifiki. Kwa vyovyote vile, palipaswa kufunguliwa, kuoshwa na kupimwa kabla ya kurudia sindano. Simlaumu aliyekuandikia bila kujua alikuwa na nini mkononi. Vituo vingi havina maabara ya kuotesha vimelea, na anayeandika anaandika kwa kubahatisha kwa sababu hana kingine.

Asali si ushirikina, nakuomba umwambie mama mkwe kuwa hakukosea sana. Asali hunyonya maji kutoka kwa bakteria kwa wingi wa sukari yake, ina asidi, na nyingine hutoa haidrojeni peroksaidi, kemikali ileile ya dawa ya povu, kwa kiasi kidogo na polepole. Zipo asali zilizosafishwa kwa mionzi kwa ajili ya vidonda. Asali ya sokoni inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaopenda mahali pasipo hewa, kwa hiyo siishauri kwa jeraha lenye kina kama la upasuaji. Dawa ya povu nayo huunguza chembe changa za nyama mpya pamoja na bakteria. Mara moja kwa kidonda kichafu sana inaweza kuvumilika, lakini kila siku kwa wiki nzima inakirudisha kidonda nyuma. Maji ya chumvi yangekutosha.

Daktari wa Ng'ombe

Naomba kuongeza upande wa mifugo, kwa sababu nadhani umesahaulika. Katika maeneo ya wafugaji ninakofanya kazi, dawa ya kupuliza yenye oksitetrasaiklini, ile inayoacha rangi ya buluu kwenye ngozi ya ng'ombe, hupulizwa kwenye vidonda vya watu bila wasiwasi wowote. Penisilini ya mifugo nayo hufunguliwa na kudondoshewa kwenye jeraha la mtu. Wakati huohuo kuku hupewa antibiotiki kwenye maji ya kunywa hata wakiwa wazima, ili wasiugue. Kijana anayechinja na kunyonyoa kuku hao akijikata kidole, bakteria wanaoingia kwenye jeraha lake ni wale waliokwisha kunywa dawa kwa wiki sita. Nimewaona wafugaji wakizika mizoga karibu na kisima, na mchanganyiko wote huo ukarudi majumbani. Tukizungumzia wodi pekee tutakuwa tumeziba tundu moja la chujio.

Muuguzi wa Zamu

Mpima Vimelea, umeyasema ya dawa na ya maabara kwa ufasaha, lakini mimi ninayefunga vidonda kila asubuhi naomba nisemee mikono. Wodi yetu ina vitanda vya kupakana kiasi kwamba ukigeuka unagusa shuka la jirani. Tunaanza na vidonda safi na kumalizia na vyenye usaha, ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tunavyojitahidi. Lakini kuna siku maji hayatoki bombani hadi saa nne asubuhi, na glovu zimehesabiwa. Muuguzi akivaa jozi moja kwa wagonjwa wawili, hata dawa iwe ya namna gani, anambeba bakteria kutoka kitanda namba tatu hadi namba nne kwa vidole vyake mwenyewe.

Mimi nimewahi kuona wagonjwa wanne waliopangana kwenye mstari mmoja wakitoa usaha wa kijani ndani ya wiki moja. Hakuna aliyeingia wodini akiwa nao isipokuwa wa kwanza. Tulipofuatilia, kilichokuwa kikizunguka nao ni chupa moja ya maji ya kuoshea vidonda, iliyokuwa ikijazwa upya bila kuoshwa.

Mpima Vimelea

Dada Muuguzi, hilo la chupa naomba kila anayesoma aliweke moyoni. Pseudomonas ni kiumbe wa maji, anaishi kwenye sinki, kwenye mipira ya mashine za kupumulia, hata ndani ya dawa nyingine za kuulia vijidudu zilizochanganywa hafifu na kukaa muda mrefu. Chupa isiyooshwa, yenye ute wa ndani niliousema pale juu, ni nyumba yake. Tangu mwaka 1847, Ignaz Semmelweis alipowaamuru madaktari wa Vienna kunawa kwa maji ya klorini na vifo vya wazazi vikashuka, jambo hili halijapata mbadala. Dawa ya kusugulia mikono yenye spiriti hutengenezwa hata na maabara zetu za hospitali kwa kufuata fomula ya Shirika la Afya Duniani, na siku ambayo bomba limekauka inaokoa, ili mradi mikono isiwe na uchafu unaoonekana.

Na wewe Daktari wa Ng'ombe, nakubali kwamba nilisahau. Oksitetrasaiklini hiyo ya buluu nimekutana nayo maabara bila kujua jina lake: swabu zinaletwa zikiwa zimepakwa rangi, nasi tunashindwa kuotesha chochote kwa sababu dawa imebaki kwenye sampuli. Kwa hiyo anayepuliza anamnyima hata daktari nafasi ya kujua.

Nimalizie na tahadhari kuhusu kazi yangu mwenyewe. Karatasi ya majibu yenye jina la bakteria si amri ya kuandika dawa. Kila kidonda kilicho wazi kina bakteria, na ukikipima utawapata. Swabu iliyochovywa juu ya usaha bila kukiosha kidonda huleta majina ya wapita njia. Mgonjwa asiye na homa, ambaye kidonda chake ni chekundu kama nyama ya buchani na kinajifunga kutoka kingoni, aachwe na maji yake na gozi yake, hata kama karatasi yangu imeandika majina matatu.

Duka la Njiapanda

Tumekuelewa, mkuu. Tupe basi habari za shemeji.

Mpima Vimelea

Alipelekwa chumba cha upasuaji mara mbili. Mara ya kwanza walitoa mchanga, nyuzi za suruali aliyokuwa amevaa siku ya ajali, na kipande cha mfupa kilichokuwa kimekufa, chenye urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Jeraha halikushonwa, liliachwa wazi na mfupa ukashikwa kwa vyuma vya nje. Mara ya pili waliongeza kukwangua. Meropenemu alipewa kwa siku ambazo daktari alizipanga, ukoo ukachanga, na mke wangu akauza cherehani yake. Usaha ulikuwa umekwisha kupungua sana baada ya usafi wa kwanza, kabla hata ya majibu yangu kutoka.

Wiki ya tisa alipandikizwa ngozi kutoka pajani, ikashika. Jana nilimfuata kliniki kwenda kufungwa. Muuguzi alipoitoa bandeji, gozi ilikuwa na maji kidogo ya rangi ya maji ya mchele, bila harufu. Hatukuchukua swabu, kwa sababu hapakuwa na cha kupima.